Daktari wa Mikono Isiyotulia

Habari ya kifo chake niliipata upande wa Busisi, tukisubiri kivuko kirudi kutoka Kigongo. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga pale gatini alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza bila kuzunguka, "Wewe si ndiye uliyekuwa unafuatana na yule daktari wa wanaotetemeka? Amefariki juzi, mwanangu. Homa tu. Pole." Kivuko kilipofika nilipanda kama wengine, nikasimama ubavuni nikiyatazama maji hadi ng'ambo bila kuona kitu. Sidhani kama atatajwa katika kurasa za mbele. Hakuwa na cheo kikubwa, wala hakufungua kampuni katika miaka hii ambayo kila mtu anafungua kampuni. Kwa hiyo, wasomaji wangu, nafasi hii mliyozoea kunisoma nikilalamika au nikiota ndoto, leo ni yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Ukerewe, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alichokitafiti ni kitu ambacho sisi tukikiona hugeuza shingo: watu ambao miili yao imeacha kuwatii. Mkono unaotikisika wenyewe, mguu unaoganda mlangoni kana kwamba kizingiti kimegeuka ukuta, uso usioweza kutabasamu ingawa mwenyewe anacheka moyoni. Alikwenda Buswelu, akavuka ziwa, akafika vijiji vya ndani kabisa huko Geita, akiwa na kamera ya video aliyorudi nayo kutoka Ulaya alikosomea. Aliwapiga picha wagonjwa wakitembea, wakinywa maji, wakifunga vifungo vya shati. Na alikuwa na sharti moja ambalo sikuwahi kumwona akilivunja: mgonjwa mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kuiona picha yake, kabla ya daktari yeyote. Mimi nilikuwa natafuta riwaya, nikamwomba nifuatane naye. Akacheka. "Njoo," alisema, "ila betri utabeba wewe."

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa mtaani Igogo. Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu, mshona suti. Mitumba ilipoingia kwa marobota, mafundi wengi walihamia kwenye kazi ya kupunguza suruali na kubadili zipu, lakini yeye aliendelea kupata wateja kwa sababu koti lake lilikaa mabegani mwa mtu kama lilizaliwa naye. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza. Ukiwa umelala pajani ulitikisika bila kukoma. Akishika mkasi, ulitulia. Bahati mbaya, nyuma ya kibanda chake palikuwa na kilabu cha pombe, na mafundi wenzake wakapata maelezo ya haraka. "Mzee, punguza kidogo," walimtania. Na alipoutuliza mkono kwa kushika mkasi, walipigana viwiko: "Umeona? Ameshapata glasi moja ya kuondoa lock ya pombe ya jana." Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani! Utani ukatoka kibandani ukafika msikitini, na huko haukuwa utani tena.

Binti yake alikuwa amechumbiwa. Mnajua ilivyo kwa Waislamu: baba huushika mkono wa bwana harusi mbele ya watu, akamwoza binti yake kwa kauli yake mwenyewe. Mzee akatangaza kwamba mdogo wake atamwakilisha. Hakutaka mkono wake utazamwe na msikiti mzima. Binti naye akasema kama baba yake yu hai na hatamwoza mwenyewe, basi ndoa isubiri. Nyumba ile ikawa kama nyumba yenye msiba.

Ndipo mzee, ambaye daktari alikuwa amekuja kumpiga picha kama wengine, alipomuuliza, "Huko ulikosoma, wenye mkono kama huu mnawafanyaje?" Daktari akasita. Alikuwa na kanda moja ya tiba ya huko aliyokuja nayo, na baadaye aliniambia kwamba aliogopa: atamwonyeshaje mtu kitu ambacho hawezi kumpa? Lakini mzee alipojua kuna kanda, akasema, "Nionyeshe. Na waite hawa wanaonicheka." Jirani kinyozi alikuwa amenunua televisheni, kama walivyofanya wengi tangu vituo vianze kurusha matangazo. Tukaunganisha deki ya video, tukajazana mle ndani mchana kweupe, mafundi, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa.

Kwenye kanda alikuwepo mzee wa Kizungu amelala mezani, kichwa kimebanwa katika fremu ya chuma, macho wazi, anazungumza na madaktari. Mkono wake ulikwenda kama sindano ya cherehani isiyo na kitambaa. Daktari wetu akatueleza kwamba hapo ameshatobolewa fuvu, na waya mwembamba kama uzi umepitishwa mpaka ndani kabisa ya ubongo, mahali padogo mno. Haumii, alisema, maana ubongo wenyewe hauna hisia za maumivu. Kisha mtu mmoja akafungulia umeme mdogo. Mkono ukatulia. Ukatulia tu, kama mtoto aliyebembelezwa. Mzungu yule akapewa kikombe, akanywa, na machozi yakamtoka.

Nilihisi nimechungulia chumba ambacho binadamu hakukusudiwa kukiona, na ndani yake nimekuta waya na mtu anayelia kwa furaha.

"Rudisha nyuma," mtu akasema.

Daktari akarudisha, na mwingine akadakia, "Hapo, hapo! Umeona?"

"Aa, hiyo filamu tu, kama zile za Kichina."

"Filamu gani, mtu ana tundu kichwani na anapiga soga?"

"Daktari," akauliza kinyozi, "na umeme ukikatika? Maana kwa mgao wetu huu, babu wa watu si atamwagikiwa chai?"

Tukacheka wote, daktari kuliko sote. "Anawekewa betri kifuani, chini ya ngozi."

"Kama ya redio?"

"Ndogo zaidi."

Kicheko kilipokwisha, fundi mzee akauliza kwa sauti yake ya chini, "Na huyo naye analewa?"

Kijana mkata vitambaa, aliyekuwa bingwa wa kumtania, alitazama skrini, kisha akatazama paja la mzee. Mikono miwili, mmoja Ulaya na mmoja Igogo, ikitikisika kwa mwendo mmoja. "Ni ule ule, mzee," akasema. "Ni ule ule kabisa. Utusamehe."

"Mimi sina neno. Nenda kaseme na kule msikitini ulikopeleka maneno ya kwanza."

Daktari akaanza kueleza kwa uchungu kwamba operesheni ile haipo nchini, na kwamba vidonge vyenyewe hupatikana kwa kubahatisha. Mzee akamkatiza. "Sikukuomba tiba, mwanangu. Nilitaka mtu aniambie hiki ni kitu gani, na hawa wasikie."

Ijumaa ya ndoa nilikuwepo. Mzee alinyoosha mkono, nao ulitikisika waziwazi, ukautikisa na wa kijana aliyeushika. Hakuna aliyegeuza shingo, na hakuna aliyemnong'oneza jirani yake. Alitamka, "Nimekuoza binti yangu," kwa sauti ambayo ugonjwa ulishaipunguza, na msikiti mzima ukaisikia kwa sababu wote walinyamaza.

Tunaishi katika miaka ya kuletewa vitu, na kila kitokacho nje tunakiulizia bei na duka. Daktari yule alituletea kitu kisichouzwa wala kupatikana hapa, akadhani anatuletea tamaa tu, na mzee mmoja akakitumia kurudisha heshima yake. Tiba ya mkono inaweza kuchelewa, pengine hata watoto wetu wataingoja. Lakini mtu anayejulikana kuwa ni mgonjwa anaweza kungoja akiwa ameketi kati ya wenzake, na aliyesingiziwa hana pa kuketi. Anayejua jambo la kweli asilifiche kwa kuwa hana dawa ya kuambatanisha nalo. Alete tu, hata akija mikono mitupu.