Kiu ya Mchana Hutengenezwa Usiku

Nakumbuka asubuhi moja ya Ramadhani hapa Laare, kisu kilipoanza kunitetemeka mkononi mbele ya fahali wa watu. Mwanangu, usicheke. Leo unaniona mzee wa bucha, nimekaa kwenye kiti nikigombana na nzi, lakini wakati huo nilikuwa kijana mwenye mabega, na mchinjaji wa mji mzima nilikuwa mimi.

Huku kwetu, unajua mwenyewe, Waislamu ni wachache na Wakristo ndio wengi, lakini machinjioni kisu ni cha Mwislamu. Ndivyo ilivyo tangu zamani, ili nyama ikifika sokoni kila mtu aile bila kuuliza maswali. Mwenye machinjio alikuwa Mzee M'Ikiara, Mkristo wa kushika Jumapili kweli kweli, na hakukubali mnyama aguswe mpaka mimi nimemwelekeza kibla na kutaja jina la Mungu. Ilikuwa heshima kubwa. Kina mama sokoni waliniita "Sheikh", na mimi hata Yasini sikuwa nimeihifadhi!

Sasa sikia ujinga wetu vijana wa milima hii ya miraa. Jua likizama, ni tende moja, sambusa, chai nzito ya maziwa kikombe juu ya kikombe, basi. Tukitoka tarawehe tunakaa kibarazani na kitita cha miraa, tunatafuna na soda, na hadithi hazina mwisho. Miraa inakudanganya, mwanangu. Inaziba njaa, inaziba kiu, mdomo unakauka na wewe huna habari. Maji tulisema ni ya wagonjwa. Halafu wakati wa daku ndipo ninapokumbuka, nabugia jagi zima muadhini akiwa tayari anakohoa kusafisha koo, nikidhani tumbo langu ni tangi la mvua. Kabla jua halijapanda, maji yote nimeyaacha chooni. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia wakati huo?

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamaliza mbuzi, amebaki fahali. Ghafla macho yakaona giza, ulimi ukagandama, mkono ukaanza kucheza. Mchinjaji akitetemeka mnyama anateseka, na hiyo ni dhambi. Nikarudi nyuma nikashika nguzo.

"Athumani, kunywa maji," Mzee M'Ikiara akaniambia. "Huu mfungo wenu utakuua."

"Siwezi, mzee. Nimefunga."

"Basi weka kisu chini. Ukitetemeka tena siku nyingine, namleta mchinjaji wa kule mji wa Mikinduri, na wewe utafute kazi ingine."

Fahali akarudishwa zizini. Habari zilifika sokoni kabla yangu, na nikapita nikisikia watu wakisema dini gani hii ya kutesa vijana. Kazi kutaka kuniponyoka ilikuwa uchungu, lakini hilo la kuutia mfungo aibu ndilo lililonichoma zaidi.

Nyumbani niliishi na Nyanya Halima, mjane aliyeuza uji wa wimbi karibu na msikiti, ambaye alinilea baada ya mama yangu kufariki. Alinikuta nimelala chali. Akatazama midomo yangu, akanifinya ngozi ya mkono, akauliza bila haya, "Umekojoa lini?"

Nikageukia ukutani. Mambo gani hayo ya kumwambia nyanya?

"Sema! Mficha maradhi kilio humfichua."

"Mara moja tu tangu jua lipande, Nyanya. Na mkojo wenyewe ulikuwa mweusi kama chai ya rangi."

Akainuka akaleta maji. "Leo utafungua. Aliyetuamuru kufunga ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa. Siku hii utailipa baada ya Idd."

Nilikunywa huku machozi yananitoka, na yeye akaendelea kunichapa kwa maneno. "Na usimsingizie Mungu, wewe kijana! Kiu hii hukupewa na mfungo. Umeitengeneza mwenyewe jana usiku, kwa meno yako." Sijawahi kukemewa vizuri namna ile, na maneno yake nimeyashika maisha yangu yote.

Kuanzia jioni hiyo alinichunga kama mbuzi mtoro. Tende na maji kwanza, niswali, kisha maji tena na bakuli la uji mwepesi. Supu badala ya sambusa, tikiti maji likipatikana. Tarawehe nilienda na chupa, na nikirudi nanywa kidogo kidogo mpaka nilale. "Haba na haba hujaza kibaba," alisema, "kwani kibaba hakijazwi kwa kumwagiwa kwa mpigo." Daku ilikuwa uji, ndizi na yai, chumvi kidogo. Miraa akaipiga marufuku, na siku za kwanza kichwa kiligonga kama mchi kinuni! Wenzangu kibarazani wakaniita Bata, kwa sababu ya yale maji. Niliwaacha waseme.

Ikafika siku ya mwisho ya mfungo. Ala, ile foleni! Ng'ombe na mbuzi kutoka kila upande, maana Idd ikiwa ya Waislamu, nyama ni ya wote. Na pale juu ya jiwe alikuwa ameketi mchinjaji wa Mikinduri, ameitwa na mzee akae tayari, kisu chake kimenolewa, ananitazama mkono tu.

Nikasema Bismillahi. Wa kwanza akaenda safi. Wa pili, wa tatu, jua likapanda, jasho likatoka, na mimi nilikuwa nimesimama imara, nikipumzika kivulini kila nafasi ilipopatikana, kisha narudi kazini. Mkono haukucheza hata kidogo! Mchana ulipogeuka, yule bwana wa Mikinduri alifunga kisu chake kwenye gunia, akakunja mikono ya shati akaomba atusaidie kuchuna ngozi.

"Mwathani!" Mzee M'Ikiara akamwita Mola wake kwa Kimeru. "Huyu kijana amekunywa nini?"

"Maji, mzee," nikamjibu. "Ya jana usiku."

Machinjio yote yakalipuka kwa kicheko, na mzee akanishika mkono akauinua juu kama wa bondia. Nilipofika msikitini magharibi, Nyanya Halima alipiga vigelegele mpaka imamu akatoka kutazama. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi hadi nikalia tena.

Basi wewe unayefunga huku unafanya kazi ya jua, shika haya. Anza kunywa jua likizama na usiache mpaka ulale, kidogo kidogo. Chai nzito, soda na chumvi vipunguze, miraa iache kabisa. Kazi ngumu ifanye mapema. Tazama mkojo wako, ukiwa mweusi ujue umechelewa. Kichwa kikizunguka, au ukichanganyikiwa, fungua siku hiyo bila aibu, uilipe baadaye. Na kama una ugonjwa wa sukari, au una mimba, muulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Mwili nao una haki yake juu yako, na Mungu hakuomba umletee maiti.

Mola akupe mfungo wenye afya, akufikishe Idd ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na kila jioni maji ya kwanza yakushuke kooni yakiwa rehema. Amina.