Mauwa Alionja Chakula Changu Kwanza

Niiteni Mama Asende, inatosha. Nina miaka sitini na minne, ninakaa Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, ninalima mihogo. Kabla ya ugonjwa, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya bamama kanisani kwetu. Sikuhitaji daftari. Beti zote zilikuwa kichwani, na nilijivuna kwa hilo.

Tena mimi ni mtu wa kushuku, na siombi radhi. Miaka ya vita, walioamini kila neno waliloambiwa, wengi wao hawakurudi. Mimi nikisikia tu fununu ya kukimbia, nilifunga vitu kwenye gunia, nikachimba, nikafukia. Nikirudi, nikafukua. Watu wa Fizi wanaijua kazi hiyo. Shaka iliniweka hai, ndiyo maana sikuona ilipogeuka kuwa ugonjwa.

Ilianza na kisogo. Kiligonga kila asubuhi, macho yakaona vimulimuli. Kwenye kituo cha afya walinipima wakasema ni tansio, yaani shinikizo la damu, wakanipa vidonge vya kila siku. Mimi nilimeza siku zile tu kichwa kilipouma. Kisipouma, nilijihesabu mzima.

Kisha vitu vikaanza kupotea. Kwanza kikwembe changu, kitenge cha sikukuu, halafu ufunguo wa sanduku, halafu daftari la kwaya, ambalo wakati huo nilikuwa nalihitaji ingawa sikumwambia mtu. Nyumbani watu wazima tulikuwa watatu: mimi, mwanangu Asende, na mke wake Mauwa, binti kutoka kijiji cha Lubondja. Mwanangu namjua, haibi. Akabaki mmoja.

"Kikwembe yangu iko wapi?" nilimuuliza.

"Mi sikuione, mama. Tuitafute pamoja."

Nikajisemea, mwizi ndiye hodari wa kusaidia kutafuta.

Nikaona pia Asende na Mauwa wananong'ona. Midomo inacheza, sauti hainifikii. Nikikaribia, wananyamaza. Nilikuwa na hakika wananisema. Na kwetu watu wanaogopa sumu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Mauwa hakuwa akionja, kwa sababu alikuwa mtu wa nyumbani. Mimi nikaufanya huo kuwa ushahidi. Nikaacha sombe yake, yale majani ya mihogo, nikawa ninapika mwenyewe ugali na samaki wa chumvi, mchana na jioni. Vidonge, kwa kuwa ni yeye aliyevileta, nilivitupa chooni. Usingizi ukanikimbia. Nilikonda hadi nguo haikukaa kiunoni.

Mwisho nikamwambia Asende, "Chagua. Mi ao huyu bibi yako."

Alilia mbele yangu, mwanaume mwenye ndevu. Lakini alituma habari Lubondja, wazee wa Mauwa waje tuzungumze kumrudisha kwao.

Kabla hawajaja, Jumapili moja nilisimama kuanzisha wimbo niliowafundisha bamama mwenyewe. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka. Mkono wa kuume ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, mate yakatiririka. Nikasikia joto miguuni. Nilikuwa nimejikojolea mbele ya kanisa zima. Aliyenifunika kwa kikwembe chake alikuwa Mauwa, na hata pale nilimsukuma kwa mkono uliobaki.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Mama, leo ni siku gani?" Nikamuuliza ni nani aliyemtuma. Hakucheka. Alimwambia Asende kwamba mshipa mdogo umeziba kichwani, na kwamba kusahau kwangu kulianza kabla ya hapo. "Tansio inaharibu kichwa polepole," alisema. "Na hii kutolala, kutokula, kujifungia peke yake, vyote vinaongeza."

Akachungulia masikio pia. Walinitilia matone siku kadhaa, kisha wakayaosha kwa maji ya vuguvugu. Nta nyeusi ilitoka kwa mabonge. Kitu cha kwanza nilichosikia vizuri kilikuwa sauti ya Mauwa nje ya dirisha: "Asende, usisemee chini. Mama hasikiake muzuri. Ataona ni kama tunamusema."

Ningependa kuwaambia shaka iliisha hapo. Haikuisha. Nilijisemea, ameshajua kwamba ninasikia.

Tuliporudi nyumbani, wazee wa Lubondja waliambiwa wangoje nipate nafuu. Mauwa hakubishana na mimi. Kila sahani aliiweka mbele yangu, akachota kijiko, akaonja, akameza, akangoja nimtazame. Vidonge alinipa Asende. Nilitembea hadi shambani kila asubuhi nikiburuta mguu, nikabambua maharage ili vidole viamke. Miezi mitatu ilipita hivyo.

Mwezi wa nne niliweza kushika jembe. Nilipokuwa nikichimba mhogo nyuma ya jiko, jembe liligusa gunia. Ndani mlikuwa na kikwembe, ufunguo na daftari. Mdomo wa gunia ulifungwa kwa kamba ya mgomba, imezungushwa mara tatu na kupitishwa chini. Fundo hilo ni langu, la miaka ya mbio, na hakuna mwingine nyumbani anayelijua. Sikumbuki kulifunga. Hadi leo sikumbuki. Niliketi kwenye udongo nikaona aibu, na zaidi ya aibu nikaogopa.

Wazee wa Mauwa walipokuja, niliwaonyesha gunia mwenyewe na kueleza yote, na Mauwa akabaki kwetu. Namshukuru Mungu kwamba sikuchelewa kuliko hivyo.

Ninyi mnaonisikia, dawa ya tansio inamezwa hata kichwa kisipouma. Punguzeni chumvi. Tembeeni, laleni, masikio yaangaliwe, na msijifungie ndani. Mimi kila wiki ninajifunza ubeti mpya bila daftari, ingawa nyimbo nyingine za zamani hazikurudi na mkono bado unakufa ganzi. Si kila kusahau kunapona, daktari aliniambia wazi. Na mzee nyumbani kwenu akianza kusema anaibiwa kila siku, msimcheke wala msimwite mchawi. Mpelekeni apimwe. Mimi kitu kikipotea siku hizi, wa kwanza ninayemshuku ni mimi mwenyewe.

Lakini turudi kwenye mchana ule wa gunia. Mauwa alileta ugali na sombe, akaliona gunia miguuni pangu na daftari juu yake. Akachota kijiko aonje, kama siku zote.

Nikamshika mkono. "Acha, mwanangu," nikamwambia. "Lete nikule."

Sombe haikuwa na chumvi, kama daktari alivyoagiza. Nilimaliza sahani yote.