Kichwa cha Mtoto Kikiinama

Masasi hakuna mteja aliyewahi kuniambia "panda juu." Milima ya mawe tunayo, tena mingi, lakini hakuna anayeitumia kumwelekeza dereva. Nilikuwa naendesha gari la duka la vifaa vya ujenzi, na mtu akitaka nimfikishie mzigo ananiambia pita msikiti, pita ule mkorosho mkubwa, halafu uliza. Arusha, siku yangu ya kwanza kazini, mteja akaniambia kwenye simu, "Ukivuka soko, panda juu." Nikamuuliza juu wapi. Akasema, "Juu, dada. Mlimani. Kwani kuna juu nyingine?"

Nikachungulia kioo cha mbele. Mlima wenyewe siuoni, umejifunika mawingu mpaka magotini. Nikakata simu kwa hasira, nikamuuliza bodaboda.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalisema mapema ili tusisumbuane. Mama yangu anasema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso, mkunga akadhani nina homa. Udereva haukunipunguzia. Mwanamke ukishika usukani wa kirikuu, kigari cha mizigo, chenye mabati juu, kila mwanaume barabarani anajiona mwalimu wako. "Dada, weka gia." "Dada, rudi kidogo." Khaa! Hiyo gia nilianza kuiweka wewe ukiwa bado unasukuma tairi na kijiti.

Nilihama kwa sababu duka la Masasi lilifungwa. Mwenye duka alikuwa na ndugu yake Arusha, na yeye ana duka kama hilo, na dereva wake alikuwa ameacha kazi. Akampigia simu, akanisifia kuliko ninavyostahili, na baada ya siku chache nikawa nimeshapanda basi. Bosi wangu mpya ni mzee wa Kisingasinga, amezaliwa Arusha, na baba yake vilevile. Kiswahili chake ni cha Arusha kabisa, na Kimaasai anakijua kuliko hata baadhi ya wapagazi wake. Nilipomwamkia akaitikia, akaniangalia sweta nililovaa, akasema, "Hilo sweta ni la wapi? Hilo ni la kupigia picha." Akaagiza niletewe koti la kazi, zito, la rangi ya chungwa. Ninalo hadi leo.

Nikapanga chumba Terrat, uani kwa watu, tukiwa wapangaji kadhaa na familia ya mwenye nyumba. Kazi nikaizoea. Nikajifunza kuondoka kwenye mlima gari likiwa na mzigo bila kurudi nyuma na kumvunjia mtu taa. Nikajifunza kula loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, na kuipenda, kitu ambacho nisingemwambia mtu wa kwetu. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Masasi.

Mama yangu alikuwa amebaki peke yake. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti, na jicho moja lilikuwa halioni vizuri. Kila nilipompigia simu nilimwambia mama njoo, nina chumba, nina kazi, njoo tukae. Jibu lake lilikuwa lilelile.

"Nije nifanye nini huko? Hapa nikitoka mlangoni kila mtoto ananiamkia. Wengine nimewapokea mimi kwa mikono yangu. Huko nani ananijua? Mtu asiyeamkiwa ni gogo tu, watu wanaliruka wanapita."

"Watakuamkia, mama."

"Watu wa baridi hao? Hawana hata muda wa kufungua mdomo."

Ukibishana na mama yangu unajichosha. Nikawa namtumia mahitaji, nikawa nampigia simu jioni, na nikikata simu nabaki nimekaa kitandani nikimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

Sasa, siku moja nikatumwa kupeleka tangi la maji kwenye boma moja huko juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima. Yalikuwa masika. Udongo wa huko ukilowa ni sabuni. Niliteleza, nikakwama, nikasukumwa na vijana wawili walionicheka mpaka nikatamani kuwaponda na hilo tangi. Nilipofika nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa nimechelewa, na tangi limelegea kamba.

Nikashuka. Watoto wanne wakatoka nyumbani mbio, wakaja wakasimama mbele yangu kwa mstari, wakainamisha vichwa. Kimya. Hakuna aliyesema shikamoo, hakuna aliyesema karibu. Nikadhani wanaangalia viatu vyangu vilivyojaa matope.

"Mmedondosha nini hapo chini?" nikawauliza. Nikawapita, nikaenda kufungua kamba.

Nikahangaika na kamba. Nikageuka, wale watoto bado wamesimama palepale na vichwa vyao chini, kasoro mdogo wao aliyekuwa ananichungulia kwa jicho la pembeni. Mama mwenye boma akatoka, mama mtu mzima, khanga kiunoni na shuka begani. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia mzigo wake huu hapa, tuite watu watushikie.

"Tutashusha," akasema. "Kwanza watoto."

"Watoto wana nini?"

"Wamekusalimia, hujawajibu. Wanangoja uwashike kichwa."

Hasira zangu za asubuhi nzima zikapata pa kutokea. "Mama, mimi nimeleta tangi. Sikuja kubatiza watu."

Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia, ningejua la kufanya. Alinitazama tu kwa utulivu, akasema, "Tangi litasubiri. Halina moyo."

Nikaufuta mkono kwenye koti, nikawarudia. Nikamgusa wa kwanza utosini, akainua uso akaondoka. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu. Yule mdogo nilipomgusa, nywele zake zilikuwa za moto, naye alicheka, akakimbilia nyuma ya shuka la bibi yake. Basi. Ni hilo tu walilokuwa wanalitaka. Tangi tukalishusha, nikapewa chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, nikanywa nikiwa nimekaa kimya kama mtoto aliyekaripiwa.

Nilipofika dukani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Umewapita watoto? Lo! Mimi hapa na kilemba changu na ndevu zote hizi bado wananiletea vichwa, na mimi nawashika. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, mama."

Mama sikumsimulia. Ningemsimulia vipi? Angeniuliza nani alinilea, na jibu analo. Lakini tangu siku hiyo nikawa naviona vichwa kila mahali. Hata watoto wa uani kwangu Terrat, ambao nilidhani wana aibu tu wakiniona, kumbe muda wote walikuwa wananisalimia. Nikaanza kuwagusa. Wakaanza kunizoea, wakawa wanakimbilia gari nikirudi.

Baada ya masika jirani yetu wa Masasi akanipigia simu. Mama alikuwa ameteleza jikoni, akalala pale chini tangu alfajiri mpaka mtu alipokwenda kuomba moto. Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Lakini alilala pale, peke yake, akiita. Nililia ndani ya gari mpaka abiria wa daladala iliyosimama kando wakawa wananishangaa. Halafu nikampigia.

"Mama, safari hii sikuombi. Unakuja."

"Nitakuja kukusalimia," akasema. "Wiki moja. Nikiona siko kwa watu, narudi kwangu, na usinizuie. Na tiketi ya kurudi uikate mapema, nisikie umeikata."

Nikaikata. Ningefanyaje? Nilijua akirudi Masasi safari hii, simu nyingine kama ile itakuja, na huenda isiwe na neno "hakuvunjika" ndani yake.

Alifika mwezi wa saba, baridi imekaza. Nilimpokea stendi na koti langu la chungwa, nikamvalisha palepale juu ya khanga zake mbili. Njia nzima ndani ya kirikuu alikuwa analalamika. Hili ni jua gani halina kazi? Na huo mlima mnaousema uko wapi, au mnadanganyana? Nikamwambia upo, unajificha. "Una haki ya kujificha," akasema, "na baridi hii."

Tukafika Terrat. Nikamshusha, nikawa nahangaika na begi lake, na watoto wa uani wakatoka wote. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimesahau kumwambia! Wakaja, wakapanga mstari mbele ya mama yangu, wakainamisha vichwa, kimya. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema shikamoo. Na mama yangu alikuwa amesafiri kutoka kusini mpaka kaskazini akiwa na kipimo kimoja tu mkononi, kuamkiwa. Nikafungua mdomo nimweleze.

Hakuningoja. Aliiegemeza fimbo yake kwenye ubavu wa gari, akanyoosha mkono kutoka kwenye lile koti langu linalommeza, akauweka utosini kwa mtoto wa kwanza. "Marahaba," akasema. Akaenda kwa wa pili. "Marahaba, mwanangu." Akawamaliza wote bila haraka, na mdogo kabisa, binti wa mwenye nyumba ambaye hajaanza hata shule, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamtazama usoni kwa lile jicho lake zima.

"Karibu, koko," yule mdogo akasema.

"Koko ni nani?"

"Bibi," nikamwambia. "Kwao bibi ni koko."

Tulipoingia ndani nikamuuliza amejuaje. Mimi dereva, mtu wa kuzunguka, nilifundishwa mbele ya watu kwa aibu.

"Kujua nini?" Alikuwa anajifunika blanketi. "Kichwa cha mtoto kikiinama mbele yako, kuna la kujua hapo? Si unakishika?" Halafu akanitazama. "Kwani wewe uliwapita?"

Nikaenda kuchemsha maji.

Wiki ile ilipita mama akilalamika vizuri kabisa. Loshoro alisema ni uji uliosusa. Maji ya kuoga, hata yakichemka, alisema yana kinyongo. Begi lake hakulifungua, lilikaa mlangoni na zipu yake imefungwa, kila siku anatoa khanga moja kwa kuingiza mkono pembeni kama mtu anayeiba. Nilikuwa nalitazama lile begi nikirudi kazini jioni, kabla hata ya kumtazama yeye. Asubuhi alikuwa anakaa kwenye kigoda nje ya mlango, koti la chungwa mpaka magotini, na watoto wakienda shule wanapitia kwake mmoja mmoja kuinamisha kichwa, na yule mdogo anakuja ingawa haendi popote. Sikumuuliza neno. Niliogopa nikimuuliza atakumbuka kukataa.

Siku ya kuondoka ikafika. Nilikuwa nimemwomba bosi ruhusa nichelewe. Begi nikaliweka kwenye gari, nikawasha injini ili ipate moto. Mama akasema ngoja watoto wapite kwanza. Tukangoja. Wakaja, akawashika, akawahesabu kwa macho.

"Mmoja hayupo," akasema.

"Yule mdogo, koko," mkubwa wao akajibu. "Ana homa. Kalala."

Mama akasimama pale na fimbo yake. Akautazama mlango wa mwenye nyumba, akautazama mlima, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umejitokeza wote mpaka kileleni, mweusi, karibu kama ukuta wa jirani. Kisha akanigeukia mimi na injini yangu inayonguruma.

"Zima gari."

"Mama, basi litakuacha."

"Liniache. Mtoto hajaniamkia, mimi naondokaje? Akipona, akaja akaniletea kichwa chake, nitakwenda. Zima gari, unawapigia wagonjwa kelele."

Nikazima. Nikalirudisha begi ndani. Mama akavuka ua akichechemea kwenda kumwangalia mgonjwa wake.

Yule mtoto alipona kesho yake. Ameshaanza shule, sasa anakaribia kujua kusoma. Kila asubuhi anakuja mlangoni kwetu na begi lake mgongoni, anainamisha kichwa, na mama anakishika na kumwambia, "Bado una joto kidogo."