Beringi Alizochagua Baba

Harufu ya mafuta ya taa inanichefua mpaka leo. Wenzangu wakiinusa wanakumbuka kibatari na chakula cha jioni. Mimi naiona baraza ya nyumba yetu ya Rasbura, mjini Lindi, enzi za Mwingereza, na injini ya pikipiki ya Baba imefumuliwa juu ya gunia, vipande vyake vimelowekwa kwenye karai la kufulia la Mama. Baba alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Pikipiki ile aliinunua kwa meneja mmoja Mgiriki aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo mwendo wake mtaani ukabadilika, kifua mbele, hata salamu anaitikia kwa mkato. Mama alizoea kusema ameletewa mke mwenza asiyejua kupika. Siku ninayoikumbuka hakutania. Beringi za krenki zilikuwa zimekufa, yaani zile pete za chuma zenye gololi ndani, zinazoushika mhimili mkubwa unaozunguka katikati ya injini. Bila kupata nyingine, pikipiki ilikuwa chuma chakavu tu.

Na tulikuwa na haraka. Lori la mizigo kutoka Kilwa lilikuwa limeleta habari kwamba Bibi, mama yake Baba, yuko hoi kitandani kwake Tingi, hukohuko Kilwa. Alimtaka mwanawe, na alinitaka mimi, somo yake, kwa kuwa nilipewa jina lake, Hawa, na alikuwa hajanitia machoni hata mara moja. Lori lile lingegeuza kesho yake asubuhi. Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi, akamwambia, "Baba Hawa, mchukue mtoto mpande lori. Hilo dude lako litawangoja." Baba hakuinua hata kichwa. "Lori gani, la kusimama kila kijiji kupakia mihogo? Leo nanunua beringi, kesho nafunga, kesho kutwa alfajiri tunaondoka. Tutalipita njiani." Alisema hivyo kwa raha, nami nikafurahi, maana kuwasili kwa Bibi juu ya pikipiki nilikuona jambo kubwa kuliko Idi. Mama akarudi jikoni, na tukasikia sufuria zikiwekwa kwa kishindo.

Dukani tulikwenda pamoja. Mwenye duka la spea alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Aliipokea beringi ya zamani, akapima tundu lake, upana wake na unene wake, kisha akaingia ndani na kutoka na za aina mbili. Ukubwa ulikuwa uleule, na ubavuni zimechongwa namba zilezile, isipokuwa aina moja ilikuwa na alama ya ziada mwishoni. Hapo ndipo Baba alipofanya alichofundishwa kwao. Bibi alikuwa mfinyanzi, na Baba alikua akimsaidia kuchambua vyungu: unakigonga kwa kifundo cha kidole, unakitikisa karibu na sikio, kikichakarika tu ujue kina ufa, kiweke kando. Akaitikisa ile yenye alama. Ikachakarika kidogo, gololi zikicheza ndani. Akaitikisa ya pili. Kimya, imekaza, inazunguka taratibu bila kutikisika. Uso ukamng'aa.

"Hiyo ya kwanza ndiyo ya injini, bwana," mzee akasema. "Imeachwa ilegee makusudi. Injini ikipata moto, chuma kinavimba. Hiyo iliyokaza itabana."

Baba akacheka. "Mzee, mimi si mtoto. Hii imeshatumika, unataka kunibambikia."

"Haya, shauri yako," mzee akajibu, akaifunga ile iliyokaza kwenye karatasi. Njia nzima Baba alinieleza jinsi wenye maduka wanavyopenda kuwachezea watu wa Kilwa, na mimi nikamwamini.

Kesho yake lori likaondoka sisi tukiwa barazani. Baba alifunga injini, akaizungusha mtaa mzima mara moja, na ililia laini mpaka majirani wakatoka kumpongeza. Alfajiri iliyofuata tukaondoka, mimi nimefungwa kwa khanga ya Mama mgongoni mwa Baba. Hatukuufikia hata Mto Mbwemkuru. Jua lilipochomoza vizuri injini ilianza kulalamika, halafu ikakaza ghafla, gurudumu la nyuma likagoma, na wote tukabwagwa mchangani. Baba alinifuta vumbi, akangoja injini ipoe, akapiga kiki. Ikawaka! Tukapanda tena, tukaenda, ikakaza. Tukangoja tena. Kila mara mwendo ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, na kila mara nilimwona Baba akikiwekea chuma kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mwishowe kitu kikavunjika ndani, na hata ilipopoa haikuzunguka. "Inavimba," akasema peke yake. "Kweli inavimba." Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa pori lile.

Tuliiacha pikipiki kwa watu wa kijiji cha jirani, tukatembea kwa miguu mpaka giza, tukalala kwa watu tusiowajua. Kesho yake gari lililobeba mbao likatuokota na kutushusha Nangurukuru, na kutoka pale tukatembea tena. Tulipofika Tingi alasiri, wanaume walikuwa wameketi kwenye majamvi nje ya nyumba ya Bibi, na mikono yao ilikuwa bado na udongo. Walikuwa ndio kwanza wametoka makaburini. Baba akasema shikamoo, baba yake mdogo akaitikia marahaba, akamkamata mkono asianguke. "Lori lilifika jana adhuhuri," akamwambia. "Alikuwa anazungumza bado. Akawa anauliza, Hawa yuko wapi? Tukamwambia wanakuja na pikipiki. Akasema basi niinueni nikae. Amekaa hivyo mpaka usiku."

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini sikumsikia tena akijisifu kwa lolote. Nami nilimchukia muda mrefu, nikaja kumwonea huruma nilipokuwa mtu mzima, na huruma haikuniondolea chochote. Siku hizi barabara ni ya lami. Nakunywa chai Lindi, napanda basi, na sala ya adhuhuri naisali Tingi. Wajukuu wananisifu kwamba bibi yao hachoki safari. Hawajui kwamba kila nikishuka pale kitu cha kwanza ninachofanya ni kutazama jua, nijue kama nimewahi. Nawahi kila mara, na hakuna mtu aliyeinuliwa akae kuningoja.