Nyanya Alivyoishona Spika ya Baba

Juzi nilipita Landless, pale Thika, nikasimama kwa fundi wa baiskeli. Alipofungua kichupa cha solusheni azibe panchari, ile harufu kali ikanipanda puani, na papo hapo nikawa msichana mdogo wa miaka ya hamsini, nimeketi sakafuni nikimtazama nyanya akishona redio. Ndiyo, umesoma sawa. Akiishona.

Tuliishi watatu karibu na Ruiru: nyanya, mama na mimi. Baba alikuwa askari, na jeshi lilikuwa limempeleka kisiwa cha Morisi. Nyanya aliposikia ni ng'ambo ya bahari aliacha hata kuuliza njia. Kabla ya kuondoka, baba alituachia redio ya betri, nayo ikakaa juu ya sanduku la nguo, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Jioni majirani walikuja kuisikiliza, wengine wakitoka mashamba ya mkonge, nguo zao zikinukia ule ubichi wa majani, na mama akawapakulia githeri.

Siku moja tukapata habari kutoka jeshini: salamu za askari wa Morisi zimerekodiwa, na za baba zitatangazwa Jumapili alasiri. Mara moja tu. Katikati ya wiki tukawasha redio, ikakoroma. Panya alikuwa ameingia kwa nyuma akaitafuna spika, ile karatasi nyeusi ya mviringo inayotoa sauti, akaacha imechanika vibaya. Mama akaibeba redio hadi Ruiru kwa fundi, na fundi akamwambia angoje spika mpya kutoka Nairobi, labda mwezi ujao. Alirudi macho yamemvimba.

"Kwani hii si karatasi tu?" nyanya akauliza. "Leta hapa."

Nyanya alikuwa bingwa wa vibuyu. Kwetu Ukambani, tulikotoka, kibuyu kikipasuka hakitupwi, hushonwa, na alichoshona yeye hakikuvuja hata tone la maziwa. Basi akaishona spika vivyo hivyo, kwa sindano nyembamba na uzi, mishono imebanana, inapendeza kuitazama. Tukawasha. Mtangazaji akasikika kama mtu anayeongea na tonge la ugali mdomoni.

Mama akaangua kilio. Nyanya wala hakugeuka. Aliweka kidole juu ya ile karatasi, redio ikiendelea kunguruma, akafumba macho. Kisha akacheka.

"Aiya! Hii kitu inapumua, na mimi nimeishona mdomo!"

Nilimpenda nyanya kwa mengi, lakini kwa kicheko kile nilimpenda zaidi. Mtu mwingine angelaumu panya, au serikali. Yeye alifumua kazi yake yote, mshono kwa mshono, akamtuma mama kwa jirani mwenye baiskeli akaombe solusheni. Akachukua karatasi ya shashi iliyokuwa imefungiwa viatu vya mama vya kanisani, akakata vipande, akavipaka solusheni kwa ncha ya unyoya wa kuku, kidogo sana, akabandika. Kila akimaliza kipande alipuliza aone kama karatasi bado inacheza. Nyumba nzima ilinuka panchari. Kisha akakataza mtu yeyote kuigusa hadi ikauke.

Jumapili watu walijaa hadi mlangoni. Askari mmoja baada ya mwingine alisalimia kwao, na mama akazidi kukunja pindo la leso yake. Halafu akaja baba. Ilikuwa sauti yake kabisa, safi, kana kwamba yuko nyuma ya sanduku. Alisema yeye ni mzima, tusiwe na wasiwasi, akamtaja mama yake kwanza, kisha mkewe, kisha mimi. Zamu yake ikapita.

Watu wakapiga makofi. Nyanya peke yake alikunja uso.

"Amekonda," akasema. Akainama hadi midomo ikakaribia ile spika, akamjibu: "Kula, mwanangu. Unasikia? Kula!"

Walicheka mpaka wakashikana. Mama alicheka huku akilia.

Baba alirudi, na kweli alikuwa amekonda. Siku hizi spika ya mjukuu wangu ikinyamaza anaagiza nyingine kwa simu, wala simlaumu. Sauti za watangazaji wa zamani bado nazisikia zikirudiwa redioni. Ya nyanya hakuna aliyeirekodi. Mimi hujaribu kuikumbuka ikisema lile neno moja, kula, na inayonijia siku hizi ni sauti yangu mwenyewe.