Supu Niliyoificha Siku ya Kupimwa Damu

Jumapili, Julai 14. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki.

Kosa ni langu. Nimejaribu kuanzia kwingine mara tatu, kila mara nikajikuta najitetea.

Miezi miwili iliyopita watu walikuwa wanapimwa damu bure hapa Huruma. Tuliambiwa tusile kitu tangu usiku. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, foleni na tumbo tupu siwezi. Nikapitia kibandani nikanywa supu ya kichwa cha mbuzi, vikombe viwili, na mafuta yake juu. Muuguzi aliponiuliza nikasema sijaonja chochote.

Karatasi ilipotoka, mafuta kwenye damu yalikuwa yamepanda vibaya. Yule dada alinieleza vizuri, sitamsingizia. "Inaweza kuwa ishara ya hatari kwa moyo. Ni ishara tu, mzee, si ugonjwa. Urudi upimwe tena." Mimi nilisikia moyo na hatari. Mengine yakanipita.

Nikaingia nyumbani moja kwa moja, karatasi mkononi. Mama Shiru, mke wangu, alikuwa anakaanga mandazi. Nikamwambia, "Unaniua pole pole na mafuta yako ya kupimiwa dukani."

Akacheka. "Baba Shiru, na ile supu yako ya kila asubuhi, hiyo napika mimi?"

Hakujua. Ulikuwa utani wake wa siku zote, lakini ulinipata pale pale penye uongo. Nikapiga jiko teke. Mafuta ya moto ya karai yakamwagikia mkono wake wa kulia. Jirani wengine wanasema niliteleza. Sikuteleza. Na alipopiga magoti akilia nilimzaba kofi, hilo hakuna aliyeliona ila binti yetu Shiru.

Jirani wa mlango wa pili aliingia akanipiga mpaka jino likatoka. Sina lawama naye.

Mama Shiru ni msusi. Vidole viwili vimeshikana, havikunjuki. Sasa yuko kwa dada yake, Mukuru.

Wiki jana nilirudi kupimwa, safari hii sijala kweli. Mafuta yamepanda kidogo tu, ya kuangaliwa. Daktari akauliza, "Ile mara ya kwanza ulikuwa umekula?" Nikakubali.

Nikaenda Mukuru kumwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wake. "Kwa hivyo hii ni ya supu," akasema. Akafunga mlango. Sijui kama atarudi, na sijui kama nina haki ya kumwomba.

Wewe unayesoma, ukiambiwa usile, usile. Kama umekula, sema, hakuna atakayekufunga. Na karatasi ikikutisha, kaa nje kwanza mpaka mikono itulie, ndiyo uingie kwako.

Jioni hii Shiru, ana miaka kumi na mbili, amepika ugali na sukuma. Sukuma ilikuwa ya maji na chumvi. Nikamuuliza mbona hakuweka mafuta.

"Niliogopa, baba."

Tumekula hivyo hivyo.