Shubiri Moja ya Nyekundu

Siku ile bandani pale Kibiti tulikuwa watano. Alikuwapo bwana wa mikoko, Mwingereza aliyekuwa na kibali cha kukata boriti na magome kule deltani, na ndiye mwenye ndege niliyokuwa naipaka rangi. Alikuwapo mjomba wangu, aliyeshuka asubuhi kwenye lori la Nyamwage. Walikuwapo wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume, wamekaa kwenye mkeka karibu na nguzo. Na mimi, mwenye brashi. Bibi wa Maparoni hakuwapo, lakini kitambaa chake kilikuwapo, nimekitandaza juu ya sanduku, na macho ya kila mtu yalikuwa yanarudi pale.

Mjomba alikuja kuchukua watoto. Baba alikufa kwanza, kisha mama, nami nikaacha shule darasa la nne nikashika kazi ya kupaka rangi vyombo vya baharini. Nilijua kupika deheni, yale mafuta yanayochanganywa na chokaa ili mbao zisioze majini, na nilijua kuchora ubavu wa chombo ukanyooka. Kwa kazi hiyo wadogo zangu walikula. Lakini kazi ya vyombo huja na kuondoka, na kwetu mjomba haombi, anasema. Alikuwa amekwisha kusema: wa kike aende naye Nyamwage akafukuze ndege wa mpunga shambani, wa kiume apelekwe Utete kwa jamaa. Nilipompelekea habari kwamba nimepata kazi ya kudumu kwa Mzungu, alijibu, "Nitakuja niione kwa macho. Nikiikuta, wakae. Nisipoikuta, lori linarudi saa sita."

Kazi yenyewe ilikuwa ndege ya vita. Wakata mikoko waliikuta imezama kwenye tope la kijito, iliangukia humo zamani za vita vya Wajerumani, wakati Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari iliyojificha deltani. Ilikuwa imebaki mashine na vyuma, na mbavu chache za mbao. Bwana wa mikoko akaileta Kibiti, seremala akaiunda upya, mabawa yakavikwa turubai jepesi. Haikuwa ya kuruka tena. Ilikuwa ya kupelekwa Dar es Salaam itazamwe. Chini, badala ya magurudumu, ilikuwa na mitumbwi miwili, na kwa ajili ya mitumbwi hiyo ndipo aliponiita mimi. Alipoona nimeipaka deheni sawasawa, akasema nimalizie ndege nzima, na baada yake nyumba yake, na mashua zake zote.

Shida ikawa rangi ya duara la bawani, ile alama ya ndege za vita za Waingereza. Wazee wa Kibiti walipoulizwa waligombana. Mmoja aliapa lilikuwa buluu, mwingine akamwambia, "Wewe siku ile ulikuwa umejificha uvunguni, uliona wapi?" Bwana akaniambia, "Nenda deltani. Ulizia. Nataka kujua kweli."

Nikaenda mpaka Maparoni, kwa bibi mmoja niliyeambiwa ana kipande cha bawa. Nilimsalimia, akaitika, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Alipojua kuwa sina wazazi, akaingia ndani akatoka na msahafu. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kigumu, rangi ya tui lililochacha, na pembeni mwake ulikuwapo mpindo wa wekundu, sehemu ya duara.

"Hiki hakiingizi maji," alisema. "Mto ulipofurika tukapoteza vyungu, mikeka, mpunga wote. Msahafu wa kaka yangu ukatoka mkavu. Na kaka yangu mwenyewe aliuawa na eropleni hii hii. Iliangusha moto wake pale ng'ambo, yeye yumo shambani. Baadaye ikaanguka yenyewe, watu wakakata nguo yake kama wanavyochuna ng'ombe."

Nikamwomba aniazime. Akakifungua kile kitambaa, akaufunika msahafu kwa upande wa kanga yake.

"Kwa masharti mawili, mjukuu wangu. Kirudi. Na hiyo eropleni muipake kama ilivyokuwa. Iliyomuua kaka yangu haikuwa na buluu. Wakitaka kuitazama, waitazame hiyo hiyo."

Nikasema, "Nimekubali, Bibi."

Basi asubuhi ile nikamwonyesha bwana kitambaa. Alikipindua mara kadhaa, akakipeleka penye mwanga. Makopo mawili yalikuwa wazi miguuni pangu, jekundu na buluu.

"Ni kweli," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, lakini kilieleweka. "Hata kitabu changu kinasema nyekundu. Mimi nilitaka ninyi mniambie buluu."

"Kwa hiyo nyekundu, bwana?"

"Paka buluu."

Nilidhani hakusikia. Nikamweleza habari ya bibi, na sharti lake, na neno nililompa. Akanionyesha kwa kidole picha iliyopigiliwa misumari ukutani. Kijana wa Kizungu amesimama kando ya ndege, na duara la ile ndege lilikuwa na mzingo mweusi mweusi, maana picha haina rangi.

"Ndugu yangu mdogo," akasema. "Vita vya pili. Yeye, hakuna kaburi. Ndege yake ilikuwa na buluu. Hii ndege ni yangu. Paka buluu."

Mjomba, aliyekuwa amekalia pipa tupu, akacheka. "Ehe! Fundi wa ngalawa, umeagizwa. Au unataka kumfundisha mwenye mali rangi ya mali yake?"

"Mjomba, nimeweka ahadi."

"Ahadi hailiwi na ugali." Kisha akamgeukia mdogo wangu wa kike. "Fungasha vitu vyako. Na vya mwenzako."

Mtoto hakuinuka. Aliishika nguzo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akashika shati la mdogo wake. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja kuambiwa chakula kimeiva au bado.

"Nani anakupa kazi?" bwana aliniuliza. "Mimi, au bibi?"

"Wewe, bwana."

"Basi?"

Lori lilikuwa mbele ya duka, watu wanapakia magunia. Nilisikia turnboi akiita abiria. Brashi ilikuwa mkononi na mkono wangu ulikuwa hauko tayari kushuka kwenye kopo lolote. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mafundi wa kwetu tunalifanya bila hata kulifikiria.

"Bwana," nikasema, "kwetu chombo kikiuzwa, mwenye kukinunua hukibadili rangi apendavyo. Hakuna wa kumzuia. Lakini fundi huacha shubiri moja ya rangi ya kwanza, chini, mahali pasipo njia ya macho. Chombo hakifutwi chote. Kikifutwa chote hakuna anayekubali kukipanda. Niache nipake buluu kama utakavyo, na unipe shubiri moja."

Nilifungua kiganja nikampimia, kidole gumba mpaka cha mwisho.

Mjomba akaguna. "Anapatana bei na Mzungu!"

Bwana alitazama kiganja changu, akatazama picha. Jasho lilimtiririka shingoni. Akasema, "Moja. Chini. Pasionekane."

"Ndiyo, bwana."

Nikachovya kwenye buluu.

Nilipaka mpaka adhuhuri. Mjomba alikaa pale pale juu ya pipa, na honi ya lori ilipolia mara ya pili akainuka, akajikung'uta kanzu. Aliwapa watoto mabumunda, vile vimkate vitamu, aliyokuja nayo kwenye mfuko. "Kazi nimeiona," akaniambia. "Lakini nitarudi kuiangalia tena." Akaenda. Mdogo wangu wa kike aliiachia nguzo, na kiganja chake kilikuwa na alama ya gome.

Nikalala chali chini ya bawa la chini, nikapaka shubiri yangu. Nilichanganya nyekundu na masizi kidogo mpaka ikafanana na ile ya kitambaa. Kisha nikatoka kunawa na kuswali.

Niliporudi, bwana alikuwa amelala chali pale pale nilipokuwa nimelala mimi. Alikuwa amekunja mikono ya shati, ana kopo la gundi ile kali ya mabawa, naye anabandika kitambaa cha bibi juu ya shubiri yangu. Alikisawazisha kwa vidole taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

"Sasa si rangi tu," alisema. "Sasa ni yenyewe."

"Bwana, ile ni nguo ya msahafu! Ni ya kuazima!"

Alinitazama kwanza bila kuelewa. Kisha akaelewa, maana aliishika pembe ya kitambaa akajaribu kuibandua, na nyuzi zikaanza kutoka moja moja. Akaacha. Tulibaki pale wote wawili, yeye chini ya bawa, mimi nimepiga magoti.

"Nitampa kingine," akasema. "Kizuri."

Ndege ilichukuliwa na lori kubwa kwenda Dar es Salaam. Mimi nikachukua kile kingine kizuri, nikaenda Maparoni. Msahafu ulikuwa bado umefungwa kwa upande wa kanga. Nilimweleza bibi yote, nimeinamisha kichwa.

"Nyekundu ipo?" akauliza.

"Ipo. Shubiri moja."

"Inaonekana?"

"Mpaka mtu alale chini."

Alifikiri. "Na Wazungu watalala chini?"

"Mmoja nimemwona akilala, Bibi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na wadogo zako?"

"Wako nyumbani kwangu. Mjomba aliondoka peke yake."

"Alhamdulillahi." Alikikunja kile kitambaa kipya, akanirudishia mapajani. "Hiki peleka ukawashonee. Mimi sikukuazima hiki."

"Bibi, kile hakitoki tena."

"Nimesikia. Sina haraka nawe."

Wadogo zangu wamekua, wameoa na kuolewa, na bibi ametangulia mbele ya haki. Msahafu uko kwa mjukuu wake, umefungwa kwa nailoni. Kila nikienda Maparoni yeye hunikaribisha, hunipa samaki na wali, na tukimaliza kula huuliza aliloachiwa wasia aniulize: kitambaa cha bibi kimerudi? Nami humjibu kwamba bado.